Tini ya mwanasesere haina fimbo, ya dubu haina klipu, ya tatu haina kitako. Nianzie wapi?

KekiJinja aliuliza:

Habari zenu wadau. Nina tini tatu za keki kutoka mitumba ya soko la Owino, Kampala, zote aluminiamu, zote zimepungukiwa kitu. Naweka vipimo ili mtu asijibu kwa kubahatisha.

Ya kwanza ni kuba la gauni la mwanasesere. Upana mdomoni sentimita 20, kina sentimita 12 na ushee. Kwenye ncha kuna katundu kadogo ambako kidole cha mwisho hakiingii. Fimbo ya katikati hamna, wala pete ya kulisimamisha. Likiwekwa mezani ncha chini, kama linavyookwa, linapinduka.

Ya pili ni dubu wa kusimama, vipande viwili, mbele na nyuma. Anaokwa kichwa chini na rojo linamiminwa kupitia mdomo ulio kwenye makalio. Kingo zina nafasi za klipu sita. Sina hata moja.

Ya tatu ni tini ya kufunguka ubavuni, sentimita 20. Ukuta upo, kitako kimepotea, na lachi, yaani kifungo cha ubavuni, imelegea ribiti moja (pini ya kuishikilia).

Naoka kwa oveni ndogo ya umeme, na umeme ukikatika kwa sufuria kubwa yenye mchanga juu ya sigiri. Je, vipuri hivi vinaweza kutengenezwa hapa, au niagize nje? Na rojo nipime kiasi gani, maana karatasi za maelekezo hazikuja na tini?

---

MamaOveni alijibu:

Nyabo (bibie), kabla ya kuagiza chochote, geuza tini usome maandishi yaliyogongwa kwenye chuma, kwa kawaida mgongoni au chini ya ukingo. Kama ni za Wilton wa Marekani, utakuta namba inayoanza na 502 kwa za zamani au 2105 kwa zilizofuata. Andika namba nzima kwenye intaneti pamoja na neno "instructions" na mara nyingi utapata karatasi ya maelekezo bure. Hilo kuba lako kwa vipimo ulivyotoa linafanana sana na lile waliloliita Wonder Mold.

Vipuri vyenyewe sikushauri uagize. Usafiri wa klipu sita utakugharimu kuliko ulivyonunua tini yenyewe.

Sasa kuba. Watu huihofia fimbo kuliko inavyostahili. Kazi yake ni kupeleka joto kati ili keki isibaki mbichi moyoni wakati pembeni imekauka. Inasaidia, lakini inapasha sentimita chache tu kuizunguka. Kinachookoa keki nene ni moto mdogo na subira. Ukiwa na fimbo, oka kwa nyuzi 175. Huna, shusha hadi 160 na utegemee dakika 65 hadi 80 badala ya 50 hadi 60. Ikifika dakika ya 40, funika juu kwa foili bila kuibana, maana upande ulio wazi unawahi kuwa kahawia.

Kupima kuiva usitumie kijiti cha meno, hakifiki. Chukua kijiti cha mishikaki, kichome katikati hadi kiguse karibu na ncha ya kuba, kiache sekunde tano, kitoe. Angalia sehemu ya chini ya kijiti, si ya juu. Rojo lililobaki huwa linajificha theluthi ya chini.

Kama una kipimajoto cha chakula, kumbuka ulipo. Mapishi ya Marekani husema keki imeiva kati ikifika nyuzi 98 au 99. Jinja na Kampala ziko kati ya mita 1,100 na 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari, na maji yanachemka karibu nyuzi 96. Ukisubiri 99 utasubiri mpaka keki iwe biskuti. Ikigonga 94 au 95 na kijiti kinatoka kikavu, toa.

Sababu hiyohiyo ya mwinuko ndiyo inayoangusha keki za tini nene. Gesi inatanuka haraka, keki inapanda kabla ukuta wake haujashika, halafu inazama katikati. Kwenye kila kijiko cha chai cha beking pauda punguza moja ya nane. Kabale, ambako ni juu zaidi, punguza robo.

---

Fundi_Bati_Katwe alijibu:

Tundu kwenye ncha ni la kushikia fimbo, kwa hiyo una njia mbili, uzibe au ulitumie.

Kulitumia: tafuta bolti ya milimita 5 au 6, urefu sentimita 10, nati mbili na washa mbili. Pima tundu kwanza, usilipanue kwa tindo. Bolti inapita kutoka nje, kichwa kinabaki nje, washa moja nje, nyingine ndani, nati inakazwa ndani. Inasimama yenyewe na hakuna kinachovuja. Bolti zinapatikana duka lolote la vifaa vya ujenzi, chukua hizi zinazong'aa nyeupe za kawaida, hazishiki kutu.

Kwa kitako cha tini ya tatu, njoo na tini yenyewe, usije na mchoro. Ukuta ukiwa umefungwa, ndani utaona mfereji unaozunguka chini. Kitako hukaa ndani ya mfereji ule, kwa hiyo ni kikubwa kidogo kuliko upana wa ndani. Kama ndani ni sentimita 20 na mfereji una kina cha milimita 2 kila upande, duara linakatwa sentimita 20.3, ili ibaki nafasi ya milimita 1 ya kukaza. Ukikata 20 kamili kitadondoka na keki. Ukikata 20.4 lachi haitafunga, na ukiilazimisha ribiti iliyobaki nayo itang'oka. Unene milimita 1. Chini ya hapo kinapinda ukikinyanyua na keki juu yake.

Ribiti iliyolegea usiigonge nyundo kutoka nje tu. Weka kipande cha chuma kizito nyuma yake, ndipo ugonge. Ikikataa, itoboe utoe, weka ribiti ya kuvuta ya alumini ya milimita 3.2.

---

Sukari_na_Unga alijibu:

Fundi, kwa kitako na ribiti uko sawa kabisa, lakini bolti nyeupe ndani ya keki hapana. Weupe ule ni zinki. Nje ya tini haina neno, ila ndani inaguswa na rojo, na rojo likiwa na ndimu, nanasi, mtindi au maziwa ya mgando, asidi inayeyusha zinki na kuingia kwenye chakula. Keki inapata ladha ya chuma kuizunguka bolti, na mtu akila ya kutosha tumbo linamgeuka.

Mwenye kutaka bolti achukue ya chuma cha pua. Lakini ajue anachonunua: chuma cha pua ni mvivu kupitisha joto. Alumini hupitisha zaidi ya mara kumi kuliko chuma cha pua. Chuma cheusi kiko katikati, lakini kinashika kutu. Kwa hiyo bolti ya chuma cha pua itaziba tundu vizuri na kusimama wima, ila kama fimbo ya joto itafanya kazi ndogo sana.

Fimbo ya kweli ni ya alumini, nene kama kidole cha mwisho, milimita 10 hadi 12, urefu sentimita 9 au 10, isizidi mdomo wa tini. Mafundi wa madirisha ya alumini hubaki na vipande vya nondo na mirija kila siku. Chukua chenye rangi ya fedha. Kile cha kahawia au cheupe kimetiwa rangi, usikiingize kwenye chakula. Mwambie fundi atoboe upande mmoja na kukata hesi za ndani (mikato ya kukazia bolti), kisha bolti fupi ya chuma cha pua ipite kwenye lile tundu la ncha na kuikaza fimbo kutoka nje. Laini makali kwa tupa, osha kwa sabuni na maji ya moto, ipake mafuta na unga kama unavyopaka tini. Usipoipaka inatoka na nyama ya keki.

Kama hutaki kuhangaika na fundi, wauzaji wa vifaa vya keki Kampala wana misumari ya kutengenezea maua ya krimu, ile yenye kichwa bapa kama sarafu kubwa. Weka miwili au mitatu, kichwa chini, ncha juu. Lakini hiyo inafaa zaidi tini yenye kitako bapa. Kwenye ncha ya kuba kichwa hakikai sawa, rojo likimiminwa msumari unalala. Kwako wewe tundu lipo, litumie.

Na jambo ambalo Fundi hakulisema: usimruhusu mtu yeyote alehemu kipuri cha tini kwa madini ya risasi. Ile waya laini ya kulehemu vyuma vya redio, ya bati na risasi, inayeyuka kuanzia nyuzi 183. Oveni ndogo ukiiweka 180 inapanda na kushuka, inapita 183 bila kukuuliza. Kipuri kitaachia, na risasi ni sumu hata isipoyeyuka. Kushikanisha ni kwa ribiti au kwa kukunja bati, basi.

---

Fundi_Bati_Katwe alijibu:

Sukari, nakubali juu ya zinki. Niliwaza kutu peke yake.

Basi niongeze kwa mwenye swali: ukifika kwa fundi yeyote sema "shiti mpya ya alumini", maana ukisema "bati" tu utakatiwa bati la mifereji ya paa, ambalo lina zinki. Beba sumaku, hata ya spika iliyokufa. Bati la zinki linashika sumaku, alumini haishiki. Chuma cha pua kingi nacho hakishiki, lakini ni kizito, utakijua mkononi.

Na kataa kipuri cha kumiminwa kwenye udongo kutoka alumini chakavu. Humo mnayeyushwa pistoni, redieta, kila kitu, na risasi inaweza kuwemo. Kwa kigoda cha kusimamishia tini haidhuru, kwa kitu kinachogusa rojo hapana.

---

Mzee_wa_Bombo alijibu:

Naona dubu kasahauliwa.

Klipu za dubu zina kazi moja, kuzuia vipande viwili visiachane rojo linapovimba. Rojo likitanuka linasukuma, mshono unafunguka kama unene wa kadi, rojo linatoka, linaungua, na dubu anatoka na ukosi wa kahawia kuanzia sikio hadi sikio. Unaweza kuukata kwa kisu, lakini manyoya ya krimu hayafichi pale ndani palipobaki pakavu.

Badala ya klipu, tumia waya mweusi wa kufungia nondo. Unauzwa kwa kilo, lakini fungu dogo linatosha. Waya huo una mafuta ya kiwandani, kwa hiyo upitishe kwenye moto wa sigiri mpaka moshi uishe, kisha ufute. Kata vipande vitatu vya sentimita 80 hivi, kulingana na unene wa dubu wako. Zungusha kimoja shingoni, kimoja kiunoni, kimoja karibu na mdomo wa chini. Kila kimoja kizunguke mara mbili, ncha zikutane ubavuni, siyo juu ya pua, na uzisokote kwa plaizi. Acha kusokota waya unapoanza kubonyeza alumini. Ukikaza kupita hapo tini inapinda na mshono unafunguka mahali pengine, hasa kati ya waya na waya.

Klipu nyeusi za kubania karatasi watu huzitumia. Zinabana vizuri, lakini rangi yake inanuka ikipata joto na spring inalegea baada ya kuoka mara chache. Kama ndizo ulizonazo, zikaushe kwanza kwenye oveni tupu nyuzi 200 kwa nusu saa, madirisha wazi.

Mshono wenyewe uzibe kwa nje. Gramu 100 za unga wa ngano, maji mililita 60, kanda uwe mgumu kama wa chapati uliokosa mafuta, viringisha kamba nyembamba, bandika juu ya mshono wote. Oveni inaukausha na kuziba. Ukimaliza unavunjika kama udongo mkavu. Usizibe mdomo wa chini, mvuke lazima utoke.

Kigoda: dubu kichwa chini hakai. Mtumbukize kichwa ndani ya sufuria ndogo nzito na ushindilie foili iliyofinyangwa pande zote hadi mabega yakae sawa. Mimina maji kidogo kwenye kisahani, kiweke juu ya mdomo wa tini kabla ya kujaza: maji yakielekea upande mmoja, rekebisha.

Rojo la dubu liwe zito. Keki ya sponji haifai, shingo inakatika. Gramu 250 siagi, 250 sukari, mayai 5, 250 unga, beking pauda nusu kijiko cha chai, inakupa lita 1 na kidogo.

---

KekiJinja aliuliza:

Asanteni sana, mzee wetu na wengine wote. Nimekuta namba inaanza na 2105 kwenye kuba. Dubu amefutika, hasomeki.

Maswali mawili. Kwanza, dubu nimpime ujazo vipi wakati akiwekwa maji yanavuja kila mahali? Pili, kuba kwenye sufuria ya mchanga: ncha inaungua kabla pembeni hapajashika.

---

MamaOveni alijibu:

Dubu mpime kwa mchele. Mfunge kwa waya, mjaze mchele mkavu hadi mdomoni, umwage kwenye jagi yenye alama za mililita. Usipime kwa tumpeko, kile kikombe kikubwa cha nyumbani. Vikombe vya mapishi ya Marekani ni mililita 240, na tumpeko ni kubwa zaidi. Kwa rojo zito jaza theluthi mbili za ujazo, kwa jepesi nusu. Sukuma rojo kwenye masikio na pua kwa kijiko kwanza, ndipo ujaze mengine, la sivyo hewa inabaki na dubu anatoka bila sikio moja.

Kuba pima kwa maji baada ya kuziba tundu. Kwa vipimo vyako litashika lita 2.6 hivi, na rojo linalofaa ni mililita 1,200 hadi 1,400. Likizidi hapo linamwagika kabla ya kuiva, hata kama kwa macho linaonekana kidogo.

Kuungua kwa ncha ni kwa sababu imekaribia mchanga mno. Kuba liko kichwa chini, ncha yake ndiyo inayotangulia kwenye moto. Ile pete iliyopotea haikuwa ya kusimamisha tu, ilikuwa inainua. Kata kopo la chuma la maziwa ya unga liwe pete ya kimo cha sentimita 8, kunja makali kwa ndani, toboa matundu kumi hivi ubavuni kwa msumari ili joto lizunguke. Lichome tupu kwanza ili rangi ya nje imalize moshi wake. Kalisha kuba juu yake na hakikisha ncha iko juu ya mchanga kwa sentimita 3 au 4. Pima kwa kuingiza vidole viwili, ukishindwa kuviingiza, ongeza kimo.

Halafu punguza makaa ya chini na uongeze ya kwenye mfuniko. Sigiri ya keki bapa huwa na moto sawa juu na chini, lakini kwa kuba theluthi mbili ya makaa iwe juu. Funika keki kwa foili mapema, dakika ya 25, kwa sababu sasa moto unatoka kwenye mfuniko.

---

Sukari_na_Unga alijibu:

Kwa lachi ya tini ya tatu, kama ribiti ikishindikana: klampu za bomba la maji, zile za kukaza kwa bisibisi. Tini ya sentimita 20 ina mzunguko wa karibu 63, na klampu moja ya ukubwa huo ni nadra. Nunua mbili ndogo, uzifungue, ingiza mkia wa moja kwenye skrubu ya nyingine, zinakuwa mkanda mmoja. Funga chini, usawa wa mfereji wa kitako. Hata ikikaza vizuri tini za aina hii huvuja siagi, kwa hiyo tandika karatasi ya kuokea ndani na uzungushie foili nje.

Kwenye kuba, ukitoa motoni ngoja dakika 15. Keki iliyovimba juu ya mdomo ikate ikiwa bado ndani ya tini, kisu kikilala kwenye ukingo, ili gauni likae bapa kwenye ubao. Kisha fungua bolti kutoka nje kabla ya kupindua. Ukipindua kwanza, keki inakaa juu ya ubao na fimbo bado imeshikwa na tini, ukinyanyua tini inanyanyuka na kipande cha kiuno.

---

KekiJinja aliuliza:

Na lile shimo la fimbo litabaki wazi katikati ya gauni?

---

Mzee_wa_Bombo alijibu:

Ndimo anamoingia mwanasesere. Miguu umfunge kwa foili kwanza. Shimo la milimita 12 ni dogo kwa wengi wao, lipanue kwa kisu chembamba kidogo kidogo ukimjaribisha, na ukilizidisha jaza pembeni kwa makombo uliyokata, yaliyofinyangwa na krimu.